Naomba ushauri: akina Patrick Walsh watatu, kitongoji kimoja cha Mayo, Ireland

Wakuu, naomba msaada wa kufuatilia ukoo. Sensa za Ireland za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote Dublin mwaka 1922. Za 1861 hadi 1891 serikali yenyewe ndiyo iliyoziharibu, ajabu kweli. Imebaki Griffith's Valuation (orodha ya tathmini ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi) ya 1847 hadi 1864, nayo inataja mkuu wa kaya tu. Mke na watoto hawamo.

Sasa kitongoji kimoja kina akina Patrick Walsh watatu. Mmoja ameandikwa "Patrick Walsh (Tom)". Hilo Tom kwenye mabano nilichukulie kuwa jina la baba? Rejista za ubatizo zina wasimamizi, ila nyingine ni za Kilatini (Patrick anakuwa Patricius). Nianzie huko, au kwenye vitabu vya zaka (orodha za waliotozwa zaka ya kanisa) vya 1823 hadi 1837?