Baa mwisho saa moja, kafyu saa nne: nifanyeje?

MzeeWaKaunta
Wadau, hamjambo. Nina baa ndogo hapa Juja. Tangu mwanzo wa Mei hii ya 2021, masharti ya korona hapa Kenya yakilegezwa, tumeruhusiwa kufungua, lakini mwisho saa moja jioni, ilhali kafyu ni saa nne usiku. Sheria ya Mututho, ile ya saa za kuuza pombe, nayo inasema siku za kazi nisiuze kabla ya saa kumi na moja. Hesabu mwenyewe: saa mbili za biashara, kodi ya kutwa! Wateja wangu wanatoka kazini Nairobi. Matatu ya watu 14 inabeba 8, foleni stejini haiishi, wanashuka hapa nikiteremsha mlango. Na kampeni za uchaguzi mdogo zinapita hapo nje watu wamebanana, barakoa kidevuni, haulizwi mtu. Nawaza kuweka jiko niwe mkahawa. Mnaonaje?

Kasarani_Choma
Jiko? Wacha kabisa. Mwaka jana baa zilipofungwa na mikahawa ikaachwa wazi, sote tuligeuka wapishi. Mteja anaagiza chipsi sahani moja, zinalala mezani hadi zipoe, chupa ndizo zinazidi. Julai 27 Rais akapiga marufuku pombe mikahawani siku 30, zikaongezwa, tukapumua mwisho wa Septemba. Kikaango changu kipo, nakiuza. Halafu sasa hata mkahawa ni saa moja, utakuwa umefanya nini?

DadaNesi
Kampeni ni makosa, sibishani. Lakini baa iliyofungwa madirisha, watu wakipaza sauti kushinda muziki, ni hatari kuliko uwanja wazi. Una nafasi nje? Toa meza.

Mpangaji254
Nenda kwa landilodi kabla deni halijakua. Omba ulipe nusu hadi saa zibadilike, na muandikiane. Wangu alikubali kwa sababu maduka mawili ya jirani yalikuwa tupu.

MzeeWaKaunta
Nesi, nje kuna nafasi ya kuegesha, nitajaribu. Landilodi ni mgumu ila nitamwendea. Fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, Chelsea na Manchester City, tarehe 29 je?

Kasarani_Choma
Inaanza saa nne usiku, kafyu nayo saa nne. Hiyo watazame kwao. Wewe shika wikendi, sheria inakuruhusu kuanzia saa nane mchana. Hizo ni saa tano kwa siku, Mzee, nyingi kuliko Jumatatu na Jumanne zote mbili. Siku za kazi punguza wahudumu, wape zamu.