Wenye maduka na mafundi wa tovuti, hivi hizi tovuti mnamtengenezea nani?

Wakuu salaam,

Mods, huu uzi msiuunganishe na ule wa kuuliza gharama za kutengeneza tovuti. Huku hakuna anayeuliza gharama. Huku nalalamika.

Mimi nasimamia ujenzi, niko Mbeya, na vitu vingi vya kumalizia nyumba naagiza Dar: vigae, masinki, koki, taa. Hela ninayotuma ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kabla haijatoka kwenye simu yangu nataka kujua mambo machache. Mzigo upo? Saizi gani? Boksi lina vipande vingapi? Bei? Mnapakia mkoani au nijitafutie lori? Basi. Dira na Dhamira yenu mkasomeane kwenye kikao cha wakurugenzi.

Juzi natafuta kigae cha 60 kwa 60 kisichoteleza, cha baraza. Nikaingia kwenye tovuti ya duka kubwa tu la Dar, jina nalisitiri. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Ikaja picha ya Wazungu wamevaa helmeti wanapeana mikono. Sijakaa sawa, picha ikahama yenyewe, ikaja ya ghorofa la vioo ambalo halipo Posta wala Masaki, na juu yake maandishi meupe kwenye anga jeupe. Nakaza macho nisome, kidirisha kikarukia katikati ya skrini: weka barua pepe yako upokee jarida letu. Jarida la vigae! Alama ya kukifunga haionekani, imeangukia nje ya skrini, mpaka nikalaza simu ndipo nikaipata.

Nikafika kwenye bidhaa. Picha za vigae zipo, nzuri kweli. Saizi hakuna. Bei hakuna. Chini ya kila picha kuna kitufe cha Kiingereza cha kuomba proforma, yaani karatasi ya bei. Nabonyeza, inakuja fomu. Jina la kampuni, lazima. Nchi, lazima, na orodha inaanzia Afghanistan, Tanzania unaikuta huko chini kidole kimeshaota sugu. Postikodi, lazima. Tarehe ya kuzaliwa, lazima! Ya nini, mnataka kuniletea keki? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na inataka ukusanye taarifa zinazohitajika kwa shughuli yako tu. Umri wangu na kigae cha baraza vinahusiana wapi?

Nikajaza hivyo hivyo. Ikaniambia asante, utajibiwa ndani ya saa 24. Mpaka naandika hapa, kimya.

Namba ya simu ipo, ila imechorwa ndani ya picha. Huibonyezi ikapiga, huikopi. Ramani ya kufika dukani inaonyesha Melbourne, Australia. Nasema kweli. Fundi alinunua templeti, tovuti iliyokwisha kutengenezwa ya kujazia tu (kama aliinunua), akabadilisha nembo, ramani ya mfano akaiacha hapo hapo.

Nikaandika namba kwenye karatasi kama enzi za simu za vibandani, nikapiga. Akapokea dada wa mauzo, mchangamfu, anajua kazi yake. Ndani ya dakika chache nikawa na kila kitu: boksi lina vipande vinne, linafunika mita za mraba 1.44, bei hii, ukichukua nyingi inashuka mpaka hapa, lori la Mbeya linapakia jioni. Akaniambia hata nisichanganye matoleo mawili kwa sababu rangi itapishana. Yaani habari zote nilizokuwa nazitafuta zipo dukani, zimekaa kichwani mwa huyo dada, na tovuti waliyoilipia hela ndefu haina hata moja.

Hapo ndipo ninapokasirika. Hii tovuti haikutengenezwa kwa ajili yangu mimi mnunuzi. Ilitengenezwa imfurahishe bosi.

Tunajua inavyokuwa. Fundi anakuja ofisini na laptopu kubwa, anaunga kwenye intaneti ya ofisi, anafungua. Picha zinateleza, maandishi yanapaa kutoka kushoto, bosi anatabasamu. "Safi sana. Hapo juu weka picha yangu na ujumbe wa mkurugenzi." Malipo yanakamilika. Hakuna hata mmoja kwenye kile chumba aliyechukua simu ya mlinzi getini, yenye kioo kilichopasuka na bando la mwisho mwisho, akajaribu kutafuta bei ya kigae.

Na wateja wenu tuko kwenye simu, hilo halihitaji utafiti. Google wenyewe wanaipima tovuti kwa sura yake ya kwenye simu. Tovuti mpya zote zinapimwa hivyo tangu Julai 2019, na Oktoba 2023 wakatangaza kwamba zoezi limekamilika kwa zote. Kipimo chao kinasema kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kiwe kimeshaonekana ndani ya sekunde 2.5. Wana chombo cha kupimia kinaitwa PageSpeed Insights, bure, unabandika anwani tu inakupa alama na kukuonyesha kinachokwamisha. Niliipima ile tovuti. Nyekundu tupu. Picha zimetoka kwenye kamera zikapandishwa zilivyo, MB nne, MB tano kila moja, wakati ukizipunguza na kuzihifadhi kwa WebP, aina ya faili jepesi la picha, zinashuka chini ya KB 200 na kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Hizo MB nazilipia mimi. Nanunua bando niangalie Wazungu wakipeana mikono!

Fomu nayo kumbe ina kisa chake. Kijana mmoja wa IT tunafahamiana hapa Mbeya ndiye aliyenifungua macho. Nyingi zinatuma ujumbe moja kwa moja kutoka kwenye seva ya bei chee bila utambulisho unaoeleweka, na tangu Februari 2024 Gmail wanataka kila anayewatumia barua awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, yaani alama za kuonyesha barua imetoka kweli kwa mwenye anwani. Kama havikuwekwa, ujumbe wa mteja unaishia kwenye spamu au unagonga ukuta. Bosi anakaa ofisini analalamika kwamba tovuti haileti wateja, na wateja wanalalamika kwamba duka lina dharau. Fundi yuko kwa bosi mwingine.

Halafu kuna wizi mtupu. Kile cheti kinachofanya anwani ianze na https, Let's Encrypt wanakitoa bure, na kampuni nyingi za kuhosti (zinazokuhifadhia tovuti) zinakuwekea bila kuongeza hata shilingi. Tangu Julai 2018 Chrome inaandika waziwazi kwamba tovuti isiyo nacho si salama, kwa hiyo kukiweka ni lazima. Mafundi wengine wanakitoza kila mwaka kama ada ya ulinzi. Jamaa yangu ana lodge ndogo, yeye kafanyiwa kubwa zaidi: domeni, yaani anwani ya tovuti, ya .co.tz ya biashara yake iliandikishwa kwa jina la fundi. Walipokosana, fundi akazima, akataka hela ndipo arudishe. Wenye biashara, ingieni kwenye WHOIS ya domeni za .tz, lile daftari la mtandaoni la wamiliki wa domeni, leo hii muone jina gani limeandikwa pale. Kama si lako wala la kampuni yako, umepanga kwenye nyumba uliyojenga mwenyewe.

Najua utetezi unakuja, ngoja niuwahi.

"Bei zinabadilika kwa sababu ya dola." Weka bei na tarehe. Andika kuanzia shilingi kadhaa. Mnunuzi anataka kujua kama anaongelea elfu thelathini au elfu tisini kwa boksi, senti mtamalizana kwenye simu.

"Washindani wataona bei zetu." Mshindani wako wa Kariakoo anamtuma kijana dukani kwako asubuhi, bei anayo kabla hujanywa chai. Unayemficha ni mimi niliyeko mbali peke yangu.

"Wateja wote wako Instagram." Huko nako si ndiko mmejaza "bei njoo inbox"? Na kigae mlichokiposti miezi mitano iliyopita kimefukiwa chini ya picha za sikukuu, mechi na mkurugenzi akikata keki. Nitakitafuta kwa saizi vipi?

Mafundi nao watasema mteja hawapi maelezo wala picha, anatoa laki mbili na anataka kitu cha benki. Hapo nawaelewa, kweli kuna wenye maduka wagumu. Lakini laki mbili hiyo hiyo ingetosha ukurasa mmoja wa maana, bila slaida wala mbwembwe. Badala yake mnachukua templeti ya wizi, imejaa virusi, baada ya muda mtu anafungua tovuti ya shule ya watoto inampeleka kwenye kamari.

Mnajua ninachokitaka kilivyo rahisi? Ukurasa wa Kiswahili, maandishi meusi kwenye nyeupe. Picha ya kigae kilichopo stoo, piga kwa simu yako mwenyewe pale dukani, naamini zaidi nikiona mkono wa mtu umekishika. Chini yake saizi, vipande kwa boksi, bei, kipo au kimeisha. Namba nikibonyeza ipige. Kitufe cha WhatsApp kikubwa, kidole cha fundi wa saruji kikipate. Lipa namba, na pembeni yake muandike jina litakalotokea, maana kwa utapeli wa siku hizi jina likija tofauti na la duka sitoi hela hata unibembeleze. Siku na saa za kupakia mikoani. Mahali mlipo kwa maelezo ya kibinadamu, mtaa na jengo la jirani linalojulikana, ramani ya Australia mbaki nayo.

Haya, povu ruksa. Ila mafundi mnaokuja kujitetea, msiniletee picha ya tovuti iliyopigwa kwenye laptopu. Weka linki, nitaifungua kwa simu yangu hapa saiti, bando la kawaida, nitawaambia imefunguka au haijafunguka.