Kama kila jamii ina maadili yake, nani amsahihishe nani?

Mpenda_Hoja:

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye kozi ninayosoma tulipewa ule mkasa wa Trompenaars, mtafiti wa tofauti za tamaduni. Uko ndani ya gari la rafiki yako, anamgonga mtu. Alikuwa anakimbiza maili 35 kwa saa mahali panaporuhusiwa 20. Shahidi ni wewe tu. Wakili wake anakunong'oneza kwamba ukiapa alikuwa kwenye 20, mwenzako amepona. Utasemaje mahakamani?

Mameneja wa nchi nyingi waliulizwa hivyo. Uswisi na Kanada, zaidi ya tisa katika kila kumi walikataa kumsitiri rafiki. Venezuela na Korea Kusini wengi waliona rafiki ana haki ya kusaidiwa. Darasani nako tukagawanyika hivyo hivyo, mpaka mwalimu akafunga mjadala: "Kila jamii na maadili yake." Basi, tukaenda zetu.

Mimi sijaridhika. Tofauti hii inatoka wapi hasa? Na ikishaelezeka, ndiyo imehalalika? Nawasilisha.

Mkaguzi_Mstaafu:

Mkuu, swali lako la kwanza lina majibu mengi kuliko alivyokwambia mwalimu.

Miaka yangu ya kazi nilikagua hesabu za kampuni zenye matawi nchi mbalimbali, na kitu kilichonisumbua kila mahali ni ajira za ndugu. Tawi moja, meneja aliyemwajiri mpwa wake alificha hata jina la ukoo. Tawi jingine, fomu ya mdhamini imejazwa kwa mwandiko mkubwa kabisa: "Mjomba wake." Nikamuuliza, huoni haya? Akanishangaa. Kwake yeye, kumleta mtu asiyejulikana na yeyote ndiyo ilikuwa aibu, maana huyo akiiba utamdai nani? Mpwa akiiba, mjomba analipa.

Fikiria mazingira yake: mahakama inachukua miaka, pensheni hakuna, bima hakuna. Ukoo ndio polisi, benki na hospitali. Mhamishie mtu huyo mahali ambapo mambo hayo yote yanafanywa na dola, na wajibu ule ule unaanza kuitwa upendeleo. Nilimwandikia hoja ya ukaguzi hata hivyo. Kazi ni kazi.

Kuna utafiti unaoonyesha jambo hili vizuri. Joseph Henrich na wenzake walipeleka mchezo mmoja kwenye jamii ndogo 15, matokeo yakatoka 2001. Unapewa fedha umgawie mtu usiyemjua. Akikataa fungu lake, wote mnakosa. Wamachiguenga wa Peru, ambao kila familia hujitegemea kwa karibu kila kitu, walitoa kama robo hivi, na wapokeaji wakachukua bila kinyongo. Wavindaji wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa zaidi ya nusu: huwezi kumkamata nyangumi peke yako, na mkishampata lazima agawanywe kwa utaratibu. Lakini walionifurahisha mimi ni Waau na Wagnau wa Papua New Guinea. Wao waliweza kukataa hata fungu lililozidi nusu! Kwao zawadi kubwa ni deni, na atakayekuja kulidai atachagua mwenyewe siku ya kulidai.

Kwa hiyo, usawa wanaufahamu wote. Kinachotofautiana ni nani anamtegemea nani, na kwa lipi.

Sauti_ya_Pili:

Mzee wangu shikamoo. Maelezo matamu, ila yananipa wasiwasi. Ukiyasikiliza utadhani kila desturi iliwekwa kwa faida ya wote.

Chukua kufunga miguu ya wasichana China, yaani kuikaza kwa vitambaa tangu utotoni ili isikue. Ilidumu karibu miaka elfu. Mama aliyemfunga bintiye alijua maumivu yake, yeye mwenyewe alifungwa. Alifanya hivyo kwa sababu asipofanya, binti haolewi. Hakuna familia iliyoweza kuacha peke yake. Ndipo vyama vya kupinga vikaja na ujanja: wazazi wanaapa pamoja kutowafunga mabinti, na pia kutowaoza wana wao kwa msichana aliyefungwa. Soko la ndoa likabadilika, na sehemu nyingi desturi ikafa ndani ya kizazi kimoja hivi.

Sasa niambie, "maadili ya jamii" yalikuwa yapi pale? Ya wanaume waliochagua, au ya mama aliyekuwa akilia huku anafunga?

Mkaguzi_Mstaafu:

Marahaba. Hapo umenishika vizuri, na ndilo jibu la swali la pili la mwenye uzi. Kujua kwa nini desturi ipo hakuifanyi iwe ya haki. Kunakusaidia kujua ushike wapi ukitaka kuibadilisha.

Mpenda_Hoja:

Asanteni. Lakini mwalimu atanirudi: haki za binadamu nazo ni desturi ya Magharibi tu. Nimjibu nini?

Sauti_ya_Pili:

Mwambie hofu hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia (wachunguzi wa tamaduni) wa Marekani kiliuonya Umoja wa Mataifa kwa hoja hiyo hiyo. Kisha mtajie kura ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 10 Desemba 1948 iliyopitisha Tangazo la Kimataifa la Haki za Binadamu: nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 8 hazikuegemea upande wowote. Kati ya hizo 8 kulikuwa na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na sidhani kama kuna atakayesema ilikuwa ikitetea utamaduni wa watu wake wote. Maneno "binadamu wote" kwenye kifungu cha kwanza yalipiganiwa na Hansa Mehta wa India. Rasimu ilisema "wanaume wote". Na kifungu cha uhuru wa kubadili dini, Saudi Arabia ilikikataa, lakini Zafrullah Khan wa Pakistan akakitetea kwa aya za Kurani. Muulize mwalimu hapo Magharibi ilikuwa upande gani.