Mechi tisa mfululizo tumepigwa: niwarudishe wakongwe wawili au niendelee na hawa watoto?

MtunzaStoo, Kisumu

Hamjambo wapenzi wa mpira wa kikapu. Nijieleze kwanza msije mkadhani mimi ni kocha wa vyeti. Mimi ni mtunza stoo katika chuo kimoja hapa Kisumu. Kazi yangu ni kuhesabu misumari, mikebe ya rangi na karatasi za kuchapishia. Kwenye kikapu niliingizwa na ufunguo: stoo ya mipira iko chini yangu. Kocha wetu alipopata kazi Nairobi mwezi wa Januari, vijana walikuja kuchukua mpira, mmoja akaniuliza, "Madam, hutakuja kututazama?" Nikaenda kutazama. Mpaka leo natazama.

Nilicheza sekondari, kwa hivyo kikapu si kigeni kwangu, lakini kucheza na kufundisha ni vitu viwili. Nina wavulana 13, na 9 kati yao ni wa mwaka wa kwanza. Mdogo wao ana miaka 18 na mamake humpigia simu akiwa benchi. Anashika!

Msimu huu tumecheza mechi 9, tumepoteza 9. Ile ya Eldoret siihesabu sana, kwa sababu tulitoka huku chini ya mita 1,200 tukaenda kukimbia kule juu ya mita 2,000, na kufikia robo ya pili vijana wangu walikuwa wanapumua kwa mdomo kama samaki wa Dunga aliyetolewa majini. Zinazoniuma ni zile nyingine. Tunaenda mapumziko tukiongoza, au tukiwa nyuma kwa vikapu viwili hivi, kisha robo ya tatu inaanza na timu yangu haipo tena.

Jumamosi tulikuwa Kakamega. Mapumziko 31 kwa 24, sisi juu. Waliporudi wakaweka presi ya uwanja mzima, yaani kutubana tangu chini ya ringi yetu. Pointi gadi wangu, yule wa kupandisha mpira, nimwite Kadogo, akapokea mpira kwenye kona, wawili wakamfungia kama mlango wa duka saa mbili usiku. Akaanza kudunda kurudi nyuma. Sekunde nane za kuvusha mpira nusu ya uwanja zikaisha, mpira wao. Mara ya pili akaurusha juu bila kuangalia, ukadakwa. Mara ya tatu sikuangalia mimi. Pointi 14 bila sisi kujibu hata moja. Mwisho 58 kwa 53.

Kwenye matatu ya kurudi, kutoka Chavakali mpaka Kiboswa ilikuwa redio ya dereva tu inayosema. Kadogo akaomba kushuka Kondele, na kwao si Kondele. Nilijua anataka kulia mahali ambapo hakuna mtu wa timu.

Sasa swali. Kuna wakongwe wawili wa mwaka wa nne waliojitoa Februari. Mmoja alisema hawezi kufundishwa na mtu wa kuhesabu misumari. Wiki iliyopita wametuma ujumbe: watarudi, ila waanze mechi wao na Kadogo akae chini. Wakubwa wa chuo nao wananiuliza ushindi uko wapi, kana kwamba nimeufungia stoo. Bado mechi tatu. Nifanye nini?

BabuUbao, Nakuru

Warudishe kesho asubuhi kabla hawajabadilisha mawazo. Timu ya watoto watupu ni kama gari la mafuta kuteremka Salgaa bila breki. Watoto watajifunza wakiwa wamekaa, benchi pia ni darasa. Mimi nilikaa benchi mwaka mzima na sikufa.

RefaMstaafu, Kakamega

Dada, pole. Ile mechi ya Jumamosi nilikuwepo, nimekaa upande wa kivuli na mjukuu wangu. Sitazungumzia wakongwe, hayo ni ya nyumba yenu. Nitakwambia nilichokiona kwa macho ya mtu aliyepuliza filimbi miaka mingi.

Kila mlipofungwa, kijana wako wa kurusha mpira ndani alisimama mahali pamoja kama amepigiliwa, akitafuta mtu. Anazo sekunde tano tu. Baada ya kikapu kufungwa, sheria inamruhusu kukimbia nyuma ya mstari wa mwisho, kutoka kona hii mpaka ile, na hata kumpasia mwenzake aliye nje ya mstari huo huo. Mpira wa faulo au uliotoka nje, hapo hapana, anarushia pale refa alipomwonyesha. Vijana wengi hawaijui tofauti hiyo. Wapinzani wenu walikuwa wanaijua, kwa sababu walimzuia kama mtu wanayejua hatasogea.

La pili ni taimauti, kule kusimamisha mchezo uongee na vijana. Unapewa mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili. Zile mbili za kwanza usipozitumia zinakufa mapumziko, hazivuki. Wakati mnafungwa zile 14 nilimwambia mjukuu wangu, "Huyu mama ana taimauti tatu mkononi, anamwekea nani?" Samahani kama nimesema vibaya.

MtunzaStoo

Mzee, hukusema vibaya. Umenivua nguo tu mbele ya watu!

Kukimbia nyuma ya mstari kijana wangu hakujua, na aliyemfundisha pia hakujua, na aliyemfundisha ni mimi. Kuhusu taimauti, ukweli ni kwamba niliogopa. Nikiwaita waje, niwaambie nini? Nilikuwa sina la kuwaambia, basi nikaacha saa iende.

BaridiYaNjoro

Kocha, mkiona tisa ni nyingi, kuna chuo Marekani, Caltech, cha mabingwa wa hesabu na fizikia. Timu yao ya wanaume ilipoteza mechi 207 mfululizo dhidi ya vyuo vya daraja lao, mpaka Januari 2007 walipowapiga Bard. Na katika ligi yao wenyewe walipoteza 310. Tangu 1985! Waliovunja mkosi ule Februari 2011 wengi wao walikuwa hawajazaliwa ulipoanza. Waliwafunga Occidental 46 kwa 45, na ile pointi ya ushindi ilikuwa mtupo huru, ule wa kurusha bila kuzuiwa baada ya faulo, saa ikiwa imebaki na sekunde tatu na kitu.

Sisemi mngoje miaka 26. Nauliza tu, mitupo huru yenu ikoje? Maana kupoteza kwa pointi 5 mara nyingi hakutokani na presi peke yake.

BabuUbao

Caltech wana roketi za kujifariji. Huyu dada ana wakubwa wa chuo.

MtunzaStoo

@BaridiYaNjoro usije ukaiandika hiyo 310 mahali vijana wangu watakapoiona.

Lakini swali lako limeninyima usingizi. Jana usiku nilitoa karatasi zote za alama nikazihesabu kama ninavyohesabu stoo, kilichoingia na kilichotoka. Kakamega tulipewa mitupo huru 26, tukaingiza 9. Soma tena: tisa. Tulipoteza kwa pointi 5. Mechi mbili kabla ya hapo tulipoteza kwa 3 na tukakosa 11. Mazoezini huwa tunairusha mwanzoni, vijana wakiwa wabichi, wakicheka, na inaingia vizuri sana. Kwa hivyo kichwani mwangu hiyo ilikuwa sehemu tunayoiweza.

Mwaka mzima nimekuwa nikilia presi, presi, na shimo jingine liko pale pale kwenye stoo yangu mwenyewe.

ShangaziWaPembeni, Maseno

Mdogo wangu, nimesoma kimya tangu juzi. Nilicheza miaka ile ambayo wasichana walikuwa wanapewa uwanja wavulana wakishachoka, kwa hivyo naijua sura ya hao wakongwe wako kabla hujaniambia.

Presi kwanza. Usimpe Kadogo mpira kwenye kona. Kona ni mlinzi wa tatu, hata wasipotuma mtu. Chukua kijana wako mrefu mwenye mikono mizuri, hata kama hajui kudunda, msimamishe katikati karibu na mstari wa nusu uwanja. Mpira wa kwanza mfupi, wa pili kwa yule mrefu, na Kadogo tayari anakimbia kumpita. Mpira unapaswa kwenda mbele kwa pasi. Anayedunda mbele ya watu wawili anawasaidia kazi. Mitupo huru nayo irusheni mwisho, wakiwa wamekimbia mpaka wanashika magoti, miwili miwili, anayekosa anakimbia tena. Mguu uliochoka ndio utakaorusha kwenye mechi, kwa hivyo ndio wa kufundishwa.

Sasa wakongwe. BabuUbao anasema warudishe, na mimi sikatai. Mlango wa mazoezi uko wazi kwa mwanafunzi yeyote. Ila mtu aliyekosa mazoezi tangu Februari anaanzia mahali anapoanzia kila aliyekosa mazoezi. Umesema wameweka masharti mawili. Hilo la kuanza wao ni la kiburi tu, linatibika. Hilo la Kadogo kukaa chini ni la kumtafuta mtoto. Ukilikubali, wale wengine wanane wa mwaka wa kwanza watajua bei yao siku hiyo hiyo.

Na huyo wa misumari mwambie misumari ndiyo inayoshika ubao wa kikapu.

BabuUbao

Shangazi umenipiga chenga. Narudi kwenye benchi langu.

MtunzaStoo

Naleta habari, maana nilileta kilio.

Niliwajibu wakongwe kwa ujumbe mmoja: mazoezi ni Jumanne saa kumi, jezi ziko stoo, nafasi zinagawiwa uwanjani. Mmoja alikuja. Yule wa misumari hakuja, na hajajibu.

Aliyekuja alisimama pembeni dakika kumi hivi mikono mfukoni. Nilikuwa nimempanga Kadogo kurusha mpira ndani na yule mrefu wetu kusimama katikati, na wengine sita kuwabana, wakiwa wengi makusudi. Mara nne za kwanza walipoteza mpira. Mara ya tano Kadogo akakumbuka anaweza kukimbia nyuma ya mstari. Akakimbia, mlinzi wake akagongana na mwenzake, na mpira ukafika mbele bila kudundwa hata mara moja. Kelele waliyopiga ungedhani tumeshinda kombe. Yule mkongwe akatoa mikono mfukoni akauliza aingie upande gani. Nikamwambia upande wa wanaobana. Akaingia.

Saa kumi na moja mvua ikashuka, ile ya huku isiyobisha hodi, na uwanja wetu ni wa saruji bila paa, ukilowa unateleza kama sabuni. Tukahamia chini ya ringi moja iliyo karibu na ukuta, tukarusha mitupo huru kwenye mvua, wamechoka, wamelowa. Sitataja hesabu ya siku ile. Niseme tu ilikuwa juu ya tisa.

Mama yake yule wa benchi alipiga simu. Safari hii nilishika mimi, nikamwambia mwanawe yuko kazini.

Jumamosi tunacheza nyumbani. RefaMstaafu, ukipata nafasi njoo na mjukuu, upande wa kivuli ni ule wa jengo la karakana. Taimauti ya kwanza nitaiita mapema na nimeandika kwenye karatasi nitakachosema.

Na kuna mtu yeyote wa Kisumu mwenye sindano ya pampu ya mpira? Yetu imekatikia ndani ya mpira namba saba, ndio mpira mzuri pekee tulionao. Naona aibu kuuliza, mtunza stoo mzima.