Bei yetu ya chini kuliko zote, zabuni kapewa mwingine. Tunalalamikaje?

Jengo_Temeke: Wakuu, heshima kwenu. Kampuni ya majengo, daraja la 5 CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi). Zabuni ya madarasa, hapa hapa Dar. Zilipofunguliwa kwenye NeST (mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni) sisi ndio tulikuwa chini. Jana imeingia notisi ya kusudio la kutoa tuzo, jina si letu, na aliyepewa katuzidi bei. Si sheria inasema bei ya chini ndiyo inachukua? Muda wa kulalamika ni upi?

kipimo_sahihi: Mkuu, inachukua bei ya chini baada ya tathmini, si ile iliyosomwa siku ya ufunguzi. Wanaanza na nyaraka: usajili wa CRB wa aina na daraja lililoombwa, leseni, hati ya uwakili (idhini ya kusaini) ya aliyesaini, dhamana ya zabuni. Dhamana ya benki ikiisha siku chache kabla ya muda uliotajwa, unatolewa hapo hapo, bei yako haiguswi. Kisha wataalamu, mitambo na kazi za aina hiyo ulizowahi kufanya. Bei ndiyo ya mwisho, na fedha za dharura huondolewa kwa wote kabla ya kulinganisha. Notisi lazima iseme kwa nini wewe hukupata. Imeandikwa nini?

Jengo_Temeke: "Bei ya chini isiyo ya kawaida, maelezo hayakujitosheleza."

QS_Ilala: Basi tatizo liko kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei). Fungua vipengele vya zege kwanza. Jamvi (sakafu ya zege) la mm 100 likipimwa kwa mita za mraba, mita 10 za mraba ni mita 1 ya ujazo. Kipengele kikiwa cha ujazo nawe ukajaza bei ya mraba, umeuza kwa sehemu ya kumi. Mfumo unazidisha tu, haujui kwamba umekosea kizio. Na hilo si kosa la hesabu la kusahihishwa na kamati: bei ya kizio uliyojaza ndiyo inasimama. Kipengele ulichoacha wazi nacho kinahesabiwa kuwa kimo ndani ya bei nyingine, utakijenga bila malipo.

kipimo_sahihi: Hawaruhusiwi kukutoa kwa sababu ya bei ya chini isiyo ya kawaida bila kukuomba maelezo kwanza. Kama waliomba mkajibu "bei zetu ni za ushindani", mmejimaliza wenyewe. Kinachotakiwa ni mchanganuo wa kipengele. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) linakula mifuko sita na kitu ya saruji ya kilo 50 kwa mita ya ujazo. Saruji peke yake ikizidi bei uliyojaza, hakuna maelezo yatakayokuokoa.

Kama hawakuomba, hapo una hoja nzito. Chini ya Sheria Na. 10 ya 2023 una siku 5 za kazi za kulalamika (zile 7 za sheria ya 2011 zisahau), Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Lalamiko linakwenda kwa afisa masuuli (mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni), naye ana siku 5 za kazi kuamua. Usiporidhika, au akikaa kimya, nenda PPAA (Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma), wao wana siku 40 kuamua. Mkataba ukishasainiwa afisa masuuli hana tena mamlaka, unakwenda PPAA moja kwa moja.

QS_Ilala: Na usiandike "tumeonewa". Taja kifungu cha nyaraka za zabuni kilichokiukwa, ambatisha mawasiliano yote ya NeST yenye tarehe.