Queen kwa msikilizaji mpya: albamu ya studio, tamasha au kitabu?

Mwanamji: Habari za leo, ndugu zangu. Mpwa wangu amekulia katika taarabu na bongo fleva, lakini tangu apite mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury pale Mji Mkongwe, Zanzibar, haishi kuniuliza juu ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza ambayo Mercury alikuwa mwimbaji wake. Nataka kumpa zawadi moja tu kati ya hizi: *A Night at the Opera*, albamu ya mwaka 1975, *Live at Wembley '86*, rekodi ya tamasha lao katika uwanja wa Wembley, London, au kitabu cha kumbukumbu cha Peter Freestone, aliyekuwa msaidizi wa Mercury. Mngeanza na ipi?

Santuri Kongwe: Ningempa albamu ya 1975, kwa sharti kwamba aisikilize kwa hedifoni, maana kwenye spika ya simu nusu ya kazi inapotea. Ile sehemu ya opera katika wimbo wake "Bohemian Rhapsody" waliiimba watu watatu tu, Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, wakirekodi sauti zao tabaka juu ya tabaka kwenye kanda ya njia 24, yaani yenye nafasi 24 za kurekodi sauti mbalimbali, mpaka zikawa kwaya nzima, na sehemu hiyo peke yake iliwachukua takriban wiki tatu. Halafu asiuruke "Good Company", wimbo ambao wengi huupita haraka: ile bendi ya jazi inayosikika humo, pamoja na vile vinavyodhaniwa kuwa ni tarumbeta, ni gitaa la May, ambalo yeye na baba yake walilitengeneza nyumbani kwa kutumia, pamoja na vitu vingine, mbao za meko kuukuu. Ufundi wa namna hiyo hauonekani jukwaani.

Nyuzi Sita: Kwa ufundi sikupingi, mzee wangu, ila bendi ya roki hupimwa mbele ya watu. Chukua "Love of My Life", ambao umo katika rekodi zote mbili. Studio umepambwa kwa piano na kinubi, nao ni mzuri. Wembley, Julai 1986, umebaki na gitaa kavu, na Mercury anawaachia watazamaji mistari waimbe wenyewe. Tena kijana aliyezoea kuitikia kwenye taarabu hatahitaji maelezo Mercury anapotoa sauti na uwanja mzima ukaijibu. Kasoro ninayoikubali ni kwamba ile sehemu ya opera hawakuiimba jukwaani: waliondoka, kanda ikapigwa, wakarudi kwa kishindo cha magitaa. Vilevile ule mfululizo wa nyimbo za zamani za roki-en-roli, kwa maoni yangu, ni wa kujaza muda.

Bi Maktaba: Kitabu kisitangulie, nasema hivyo ingawa vitabu ndiyo maradhi yangu. Freestone alikutana na Mercury mwaka 1979, yeye akishughulikia mavazi katika Royal Opera House ya London, na baadaye akawa naye hadi kifo chake Novemba 1991. Kwa hiyo nguvu yake ni maisha ya nyumbani, mezani na safarini, yaani mambo yanayompendeza mtu ambaye tayari sauti hiyo imeshamkaa moyoni. Iwapo kijana anatafuta habari za Zanzibar, ambako Mercury alizaliwa mwaka 1946 na familia yake ikahama mwaka 1964, huyu si shahidi wake.

Mwanamji: Nashukuru, Bi Maktaba, kitabu nimekiweka kando. Hedifoni nzuri anazo, na tamasha la Wembley lipo pia kwenye video, tunaweza kulitazama pamoja kwangu. Nitamnunulia albamu.

Nyuzi Sita: Sawa, kaka, ila mtazame kwanza, albamu umkabidhi baadaye. Akishaona wanamuziki wanaondoka jukwaani katikati ya wimbo, atataka mwenyewe kujua ndani ya kanda ile kulikuwa na nini.

Santuri Kongwe: Kwa mpangilio huo, hata mimi sina pingamizi.