Naombeni ushauri: wanafunzi wangu wa chuo wanaamini tovuti yoyote ya lishe yenye sura nzuri

Mwalimu wa Lishe: Habari za kazi wakuu. Nafundisha lishe mwaka wa kwanza chuoni. Wiki iliyopita niliwapa wanafunzi orodha ya kukagulia tovuti: mwandishi yupo? Tarehe ipo? Marejeo yapo? Wakaniletea ukurasa unaouza unga wa "kuondoa sumu mwilini". Daktari kavaa koti jeupe, marejeo 40, anwani inaishia na .org. Umepita kote! Binti mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, tumekosea wapi?" Nilikosa jibu, na mpaka leo linaniuma. Nifanyeje?

Mkutubi: Mwalimu, hawajakosea wao. Orodha yako inaulizia mambo ambayo mwenye tovuti anajijazia mwenyewe. Hiyo .org hata mimi naweza kuisajili leo. Wafundishe kutoka nje ya ukurasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama wahakiki wa habari wakiwa kazini: wanauacha ukurasa mapema, wanafungua nyingine kutafuta nani yuko nyuma yake na watu wengine wanamsemaje. Wanafunzi, hata wanahistoria wenye shahada ya uzamivu, wengi walibaki palepale wakisoma, wakadanganyika. Halafu chagueni marejeo matatu kati ya yale 40, myafungue darasani. Usishangae kukuta utafiti wa panya, au utafiti ambao unga haukutajwa kabisa.

Mtu wa Takwimu: Usisahau hesabu. Mwaka 2015 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lilisema kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mwanafunzi anasikia watu 18 katika 100 wataugua. Mwandikie ubaoni: kama walikuwa waugue 5 katika 100, sasa ni karibu 6. Hatari ni ya kweli, ila ukubwa wake ndio huo.

Muuguzi: Waanzie MedlinePlus, tovuti ya afya ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, lugha yake nyepesi. Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, wanapitia tafiti nyingi kwa pamoja. PubMed ni ghala tu la kutafutia tafiti za tiba mtandaoni. Utafiti kuwemo humo si muhuri wa ubora.

Mwalimu wa Lishe: Asanteni sana, nimepata pa kushika. Kesho narudi darasani na ukurasa uleule wa unga. Marejeo matatu atachagua yule binti.